Je, Wajua?



Somo letu safari hii ni Matendo ya Mitume 17, mstari wa 10 hadi wa 21. Twawaomba mlisome kwanza, polepole, kabla ya kuendelea na maneno haya. Ndani ya somo hilo mna miji miwili, na sisi wa Mwamgongo tunaishi katika yote miwili: siku nyingine tumo katika huu, siku nyingine katika ule.

Mji wa kwanza ni Beroya. Paulo na Sila wamesafirishwa usiku kutoka Thesalonike kwa sababu ya ghasia, wanafika Beroya, wanaingia katika sinagogi na kusema jambo ambalo wenyeji hawajapata kulisikia. Luka atwambia kwamba watu wale walilipokea kwa hamu. Lakini haishii hapo. Aongeza kwamba kila siku waliyafungua Maandiko na kuyapeleleza, ili wajue kama Paulo amesema kweli. Kwa ajili hiyo anawaita waungwana. Mji wa pili ni Athene, mji wa wasomi. Huko, asema Luka, wenyeji na wageni walikuwa hawana kazi nyingine ila kusimuliana na kusikiliza habari mpya. Hawaiti waungwana, wala hawatukani. Anaandika tu, kisha anaendelea na safari.

Angalieni, ndugu, kwamba miji yote miwili ilipenda kusikia jambo jipya. Kwa hiyo kupenda habari za ajabu si dhambi, na wale wanaotwambia tuache kabisa mazungumzo ya namna hiyo wanatutwika mzigo ambao Bwana hakututwika. Jioni, dagaa wakiisha kuanuliwa na watu wakikaa mbele ya nyumba, neno moja husikika kila upande: "Je, wajua?" Mmoja amepata katika simu kwamba kuna mnyama asiyelala, mwingine amesikia kwa abiria wa boti kwamba kuna mti wa miaka elfu, kijana aliyerudi kutoka Kigoma mjini ana kumi za namna hiyo, na hajala chakula bado. Sisi tuliofundisha darasani kwa miaka mingi twajua thamani ya neno hilo. Darasa lililosinzia saa nane mchana huamshwa na "Je, wajua?" kuliko na fimbo.

Tena ni neno ambalo Mungu mwenyewe amelitumia. Someni Ayubu, sura ya 38 na ya 39. Ayubu amelia na kuuliza sura nyingi, na Bwana anapomjibu kutoka katika upepo wa kisulisuli, hamjibu kwa hoja. Anamwuliza maswali: kama anajua misingi ya dunia iliwekwa juu ya nini, kama amewahi kuingia hata chemchemi za bahari, kama anajua majira ambayo mbuzi wa majabalini huzaa. Mbuzi wa majabalini! Mtu amefiwa na watoto wote, mwili una majipu, na Mungu anamwambia habari za uzazi wa mbuzi-mwitu ambao hakuna mtu anayewafuga. Wengi wetu tumelipita jambo hilo bila kulitazama. Lakini tazameni lilivyofanya kazi kwa Ayubu. Hakuinuka akajisifu kwamba sasa anajua mambo ambayo Elifazi na Bildadi hawayajui. Aliweka mkono wake kinywani.

Basi tukiulizwa kama Ayubu kwa mambo ya ziwa hili letu, tungejibu nini? Tunalitazama tangu utotoni na wengi wetu hatulijui. Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilomita zipatazo 670 na kina cha mita 1,470 hivi. Duniani kote ziwa lililo na kina kuzidi hili ni moja tu, Baikal lililoko Urusi. Maji yake, ukiacha barafu za dunia, ni kama sehemu moja katika sita ya maji yote yasiyo ya chumvi yaliyo juu ya uso wa nchi. Lakini samaki hawaishi katika kina chote hicho. Chini ya mita mia mbili hivi hakuna hewa ya kuvuta, na maji yale ya chini yamekaa gizani bila kiumbe anayeweza kuvuta pumzi. Uhai wote tunaoujua, dagaa, migebuka, kuhe, umo katika tabaka la juu, kama mkeka juu ya shimo.

Katika tabaka hilo yuko samaki mdogo ambaye hula magamba ya wenzake. Humvizia samaki mwingine kwa nyuma, humchomoa magamba ubavuni, hukimbia. Na kinywa chake kimepinda. Wengine wamepinda kulia, nao hushambulia ubavu wa kushoto. Wengine wamepinda kushoto, nao hushambulia ubavu wa kulia. Mjapani mmoja, Michio Hori, aliwahesabu kwa miaka mingi na mwaka 1993 akaandika aliyoyaona: wakizidi waliopinda upande mmoja, samaki wanaowindwa huzoea kuulinda ubavu ule, kisha wale wachache wa upande wa pili hushiba na kuongezeka. Hivyo hesabu yao huenda huku na huku, wala haiachi kurudi karibu na nusu kwa nusu.

Yuko na mwingine, wa jamii ya kambare, mwenye madoadoa meusi. Mjapani mwingine, Tetsu Sato, aliandika habari zake mwaka 1986. Samaki wengi wa ziwa letu hulea mayai yao kinywani. Mama huyakusanya akayafumbata mdomoni mpaka yaanguliwe. Huyu wa madoadoa huja wakati mama yule anapotaga, akatupa mayai yake katikati. Mama huyaokota yote pamoja. Ya mgeni huanguliwa kwanza, na watoto wa mgeni huwala watoto wa mwenye kinywa, humo humo kinywani. Kwa kweli hatujui tufanye nini na habari hii. Si kila kitu Mungu alichomwonyesha Ayubu kilikuwa kizuri kwa macho ya Ayubu. Humo mlikuwa na mbuni anayesahau mayai yake na tai ambaye makinda yake hunywa damu. Hatupendi mahubiri ambayo hutafuta funzo la haraka katika kila mdudu. Mengine ni ya kutazamwa na kunyamaza.

Haya ndiyo mambo ambayo yafaa kuambiana, na tunawasihi muambiane. Mambo haya yana watu waliokwenda, wakakaa majini, wakatazama, wakahesabu, wakaandika. Hapo ndipo Beroya inapoachana na Athene.

Mfano ulio karibu zaidi twaweza kuufikia kwa miguu. Hapa kusini mwetu, katika milima ya Gombe, alifika tarehe 14 Julai 1960 binti wa Kiingereza wa miaka 26, Jane Goodall, pamoja na mama yake na mpishi. Alikuwa hana shahada ya chuo kikuu. Wakati ule vitabu vya wasomi vilisema kwamba mwanadamu peke yake ndiye kiumbe atengenezaye zana, na walimu waliyakariri, na wanafunzi waliandika katika mtihani wakapata alama. Binti yule alikaa mlimani miezi na darubini yake, na mnamo Novemba mwaka ule ule akamwona sokwe mmoja, ambaye alimpa jina la David Greybeard, akichukua bua la nyasi, akilitia katika tundu la kichuguu na kulitoa likiwa na mchwa, akawala. Alionekana pia akichukua kijiti chenye majani na kuyapukuta kwanza, yaani anaitengeneza zana. Jambo lililokaririwa na dunia nzima lilianguka kwa sababu mtu mmoja aliketi akatazama. Mama Goodall alifariki tarehe 1 Oktoba 2025, akiwa na umri wa miaka 91.

Habari za Gombe zinatupa na mfano wa upande wa pili. Mara nyingi husemwa, na bado huandikwa, kwamba Gombe ndiyo hifadhi ya taifa iliyo ndogo kuliko zote Tanzania. Ilikuwa kweli. Gombe ilipandishwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1968, na kwa miaka mingi hakukuwa na ndogo kuliko hiyo. Lakini mwaka 2013 kisiwa cha Saanane, kilichoko Mwanza ndani ya Ziwa Viktoria, nacho kilifanywa hifadhi ya taifa, na chote pamoja na maji yake ni kilomita za mraba 2 na kidogo. Tangu hapo neno lile si kweli tena, lakini linaendelea kutembea kama mtu ambaye hajapata habari kwamba amestaafu. Kuna maneno mengi ya namna hii, na anayeyasema si mwongo. Hakuuliza tu kama bado ni hivyo.

Hata Ujiji penyewe, mahali ambapo watoto wa shule hupelekwa kuonyeshwa mnara, jambo linalosimuliwa kuliko yote ni ile salamu ya Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871, jinsi alivyomwamkia kwa adabu kana kwamba wamekutana barazani Ulaya. Salamu ile inajulikana dunia nzima. Lakini katika shajara ya Stanley kurasa za tukio lile zimechanwa, na Livingstone katika barua zake za wakati ule hakuitaja. Mwandishi mmoja wa maisha ya Stanley, Tim Jeal, ameona kwamba huenda haikutamkwa kabisa, ilitungwa baadaye. Na huku tukiikariri salamu ile, ni wangapi kati yetu waliomsikia Jacob Wainwright? Alikuwa Myao, aliyeokolewa katika jahazi la watumwa, akasomeshwa India katika shule ya misheni ya C.M.S. huko Nasik. Livingstone alipokufa mwaka 1873 katika kijiji cha Chitambo, Jacob ndiye aliyechonga maandishi katika mti ambapo moyo wake ulizikwa. Pamoja na Susi na Chuma na wenzao waliuchukua mwili kwa miguu mpaka Bagamoyo, mwendo wa miezi. Jacob ndiye wa kundi lile aliyefika London na kulishika jeneza kanisani Westminster Abbey tarehe 18 Aprili 1874. Alifariki mwaka 1892 Urambo, ambako reli yetu hupita. Naye Susi alibatizwa Zanzibar na misheni ya U.M.C.A. mwaka 1886, akaitwa David. Watu wale ni ndugu zetu katika imani hii hii ya Kianglikana, na njia yao si mbali na hapa. Kama mwataka kuwatumia rafiki jambo lisilojulikana na wengi, tumeni hilo.

Sasa tuje ndani ya kanisa, maana ndiko jambo hili linakotuumiza zaidi.

Kuna ujumbe unaozunguka katika simu za Wakristo ambao unasema kwamba neno "usiogope" limeandikwa mara 365 katika Biblia, moja kwa kila siku ya mwaka. Wengi wameupokea, wakaitikia Amina, wakaupeleka mbele. Mwenye itifaki ya Biblia na ahesabu, pamoja na "msiogope", katika Biblia yetu ya Kiswahili ya mwaka 1952. Haifiki 365, wala haifiki nusu yake. Tena twauliza, kwa utani kidogo: mwaka wenye siku 366, siku ya mwisho tuogope?

Ujumbe mwingine ni wa hesabu, na kwa hiyo twaupenda zaidi. Wasema kwamba sura iliyo katikati ya Biblia ni Zaburi ya 118. Kwamba kuna sura 594 kabla yake na sura 594 baada yake. Kwamba ukijumlisha wapata 1,188. Kwa hiyo mstari wa katikati ni Zaburi 118:8. Ni mzuri sana. Hebu tuchukue kalamu. Vitabu vitano vya Musa vina sura 187. Kuanzia Yoshua hadi Esta zipo 249. Ayubu ana 42. Jumla kabla ya Zaburi ni 478. Ongeza zaburi 117, wapata 595. Basi kabla ya Zaburi ya 118 kuna sura 595, si 594. Na kwa kuwa Biblia ya vitabu 66 ina sura 1,189, baada yake zimebaki 593. Sura ya katikati hasa ni Zaburi ya 117, ambayo ni fupi kuliko sura zote za Biblia, mistari miwili tu, inayowaita mataifa yote wamsifu Bwana. Ndugu zetu Wakatoliki wana vitabu 73, kwa hiyo kwao katikati ni kwingine. Wala tusisahau kwamba sura si kazi ya Daudi wala ya Mathayo. Twaambiwa kwamba aliyezigawa kama tunavyozijua ni Stephen Langton, ambaye alikuwa Askofu Mkuu wa Canterbury kuanzia mwaka 1207. Na mistari ya Agano Jipya ilitiwa nambari na mpiga chapa Robert Estienne mwaka 1551. Anayetafuta siri ya Mungu katika hesabu hizo anatafuta katika kazi ya askofu na ya mpiga chapa.

Lakini kinachotushangaza zaidi ni hiki. Fungueni Zaburi 118:8 mwone inasema nini. Inatufundisha kumkimbilia Bwana kuliko kuwategemea wanadamu. Na ujumbe ule unataka tumtegemee mwanadamu tusiyemjua, ambaye hakuhesabu.

Mtu aweza kusema, "Mwalimu, haya ni madogo. Aliyetuma alikusudia kutia moyo." Twamjibu kwa upole kwamba Bwana wetu, katika Luka 16:10, hakuyadharau madogo. Na tumefundisha watoto, twajua akili ya mtoto ilivyo. Mtoto wa darasa la sita ambaye ameambiwa na baba yake, kwa uso wa ibada, kwamba neno lile limo mara 365, siku moja atahesabu. Watoto huhesabu. Akiisha kuona kwamba si kweli, hataondoa neno lile peke yake. Atauliza kama kaburi lilikuwa tupu kweli, maana zote mbili alizisikia kwa sauti ile ile. Sisi tumeitwa kuwa mashahidi. Shahidi anayekutwa na uongo mdogo mahakamani, hakimu hamsikilizi tena katika kubwa.

Na yule "Jisaidie, nami nitakusaidia", anayetajwa hata mazishini kama neno la Bwana, hayumo kabisa, tangu Mwanzo hadi Ufunuo. Wazo hilo linapatikana katika hadithi za kale za Wayunani wasiomjua Mungu wa Israeli. Injili yasema karibu kinyume chake.

Bado kuna jambo lililo gumu kuliko habari ya uongo, nalo ni habari ya kweli inayozaa neno la uongo. Mwaka 1883 Mjerumani Richard Böhm aliona katika ziwa letu kiumbe laini, cha mviringo, chenye kung'aa kama utando wa maji, ambacho pwani huitwa yavuyavu na hujulikana kuwa cha baharini. Alichoona ni kweli. Wavuvi wetu wanakijua. Kisha mtaalamu wa Kiingereza, J. E. S. Moore, akaja mara mbili, akaona na konokono wanaofanana na wa baharini, na mwaka 1903 akatoa kitabu kikubwa akisema kwamba ziwa hili lilikuwa mkono wa bahari ya kale uliofungiwa bara. Watu waliistaajabia habari hiyo. Lakini haikuwa hivyo. Ziwa lilifanyika kwa kupasuka kwa nchi katika bonde la ufa, miaka mamilioni mingi iliyopita, wala halikuwa bahari. Macho yaliona sawasawa. Hitimisho ndilo lililokimbia.

Nasi tuna hitimisho letu linalokimbia, na hilo huua.

Maji ya ziwa hili ni maangavu. Siku ya utulivu, mtu akiwa mtumbwini aona mawe ya chini kana kwamba yapo chini ya kioo. Ni kweli, na wageni hustaajabu. Kutoka hapo watu huvuka, bila daraja, hadi neno la pili: kwamba maji maangavu namna hii, mengi namna hii, yenye kina namna hii, hayawezi kuwa na ugonjwa. Tumewasikia watu wazima wakisema hivyo huku wakichota pale pale ufuoni ambapo watoto wanaoga na nguo zinafuliwa. Mdudu wa kipindupindu haonekani kwa macho. Maji yanaweza kung'aa kama kioo naye yumo. Konokono wa kichocho naye hapendi matope tu; anaishi katika fukwe zetu hizi hizi.

Hatusemi jambo la mbali. Mwezi wa Mei mwaka 2015 makumi ya maelfu ya watu waliokimbia Burundi walikusanyika Kagunga, kaskazini mwetu, kijiji kilichobanwa kati ya mlima na maji kama kijiji chetu. Hapakuwa na vyoo vya kuwatosha. Walikunywa ziwani. Meli ya Liemba, ambayo Wajerumani waliiunda Papenburg mwaka 1913 na kuileta Kigoma vipande vipande katika masanduku, ilifanya kazi usiku na mchana kuwahamishia Kigoma. Kipindupindu kilikuja. Maelfu waliugua, na watu wapatao 30 walifariki katika wiki chache. Maji waliyoyanywa yalikuwa ni maji haya haya mazuri.

Kwa hiyo tumetafuta "Je, wajua?" moja inayostahili kutoka Mwamgongo na kuzunguka ziwa zima, na tumeipata katika kambi nyingine ya wakimbizi. Mwaka 1971 vita vya Bangladesh viliwasukuma mamilioni ya watu kuingia India. Katika mji wa Bangaon, mpakani, daktari Mhindi Dilip Mahalanabis alikuta wagonjwa wa kipindupindu wamelala sakafuni, na dripu zinakwisha. Kati ya wagonjwa kumi, watatu walikuwa wakifa. Yeye alijua jambo dogo ambalo wataalamu walikuwa wamelipata miaka ya 1960: kwamba utumbo wa mgonjwa wa kuharisha haukubali kufyonza chumvi na maji peke yake vya kutosha, lakini ukitia sukari, sukari huishika chumvi mkono na kuingia nayo, na maji hufuata. Akachanganya chumvi na sukari katika mapipa ya maji safi, akawapa mama na dada za wagonjwa vikombe, wakawanywesha wenyewe. Vifo vilishuka vikawa chini ya wanne katika mia. Miaka michache baadaye, mwaka 1978, jarida la madaktari la Uingereza, The Lancet, lilisema kwamba kugunduliwa kwa jambo hilo huenda ndiko kukubwa kuliko yote katika tiba kwa karne nzima. Chumvi na sukari! Vitu ambavyo vimo katika kila duka la kijiji.

Daktari yule hakuyakariri tu aliyoyasikia. Yalikuwa yamejaribiwa kwanza, naye aliandika idadi ya waliopona na ya waliokufa, na wengine wakaweza kumpima. Watu wa Beroya wangempenda.

Basi andikeni, na msitume mpaka mmesoma mara mbili. Kwanza zipo pakiti za chumvichumvi zahanati, na hizo ndizo bora. Kila nyumba iwe nazo. Pakiti zikikosekana: lita 1 ya maji yaliyochemshwa yakapoa; vijiko 6 vya chai vya sukari; nusu kijiko cha chai cha chumvi. Kijiko kisijae kwa kilima, kisawazishwe kwa kisu. Chumvi isizidi, maana ikizidi humdhuru mtoto. Koroga mpaka iyeyuke, mnyweshe mgonjwa kidogo kidogo kila mara, hata akitapika ngojea kidogo kisha uendelee, na huku mwingine anatafuta boti au pikipiki ya kumpeleka zahanati, maana kinywaji hiki hakiuui ugonjwa, humshika tu mtu asikauke njiani. Kilichobaki baada ya siku moja kimwagwe, kichanganywe kingine.

Wasio na simu wakate sehemu hii ya karatasi waibandike ukutani karibu na mtungi. Na wenye kijiko cha supu tu nyumbani waje waazime cha chai kwa jirani, wasikisie.